Droo ya Mboga

Maiti ilikuwa kifudifudi kati ya friji mbili zilizong'olewa milango. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembeni, katika damu iliyokwisha kuganda, kulikuwa na kompresa, kile chuma kizito cheusi kinachokaa chini nyuma ya friji na kunguruma usiku kucha.

Marehemu ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu, ingawa mtaa ulikuwa na mafundi wengine wa mafriji. Wao wakishindwa, walimpelekea yeye.

Inspekta alipoinama kupita mlangoni, kilichomkera kwanza hakikuwa damu. Damu alishaizoea. Kilichomkera ni kwamba Mkuu wa Kituo alikuwa ameshafika, ameshaamua, na ameshamtia mtu pingu.

Mtu mwenyewe alikuwa kaketi ukingoni mwa barabara, shati limechafuka damu kifuani. Alikuwa shemeji wa marehemu, mdogo wake mke wa Fundi, mpaka rangi wa majumba. Ijumaa aligombana na Fundi hapohapo mlangoni kwa sababu ya karata, akamwambia mbele ya majirani kwamba kamari ataiacha siku atakapovunjwa kichwa. Jumapili asubuhi muuza betri wa duka la pili akamwona anatoka karakanani mbio, damu mpaka viwikoni, anaita watu. Mwenyewe alisema alikuwa amejaribu kumwinua marehemu. Kwa Mkuu wa Kituo, damu hiyo ilitosha.

“Kesi nyepesi hii,” alisema Mkuu. “Marehemu mcheza kamari. Shemeji kamuua kwa ajili ya hela. Tumalize, watu wakapumzike na Jumapili yao.”

“Hela ziko wapi?”

“Atatuambia.”

“Na ile?” Inspekta alionyesha juu ya meza ya kazi. Kulikuwa na chupa ya chai, kifuniko kimekazwa, na kikombe kimegeuzwa juu yake.

“Chupa ya chai.”

“Ya nani?”

“Mama, mtu kafa hapa. Wewe unauliza chai?”

Kituoni vijana walimwita Mama Kwa Nini, na si kwa kumsifu. Aliigusa chupa kwa kidole chenye glavu, akafungua kifuniko. Imejaa, na bado inatoa mvuke. Damu sakafuni imeganda tangu jana yake, chai ina mvuke. Alimweleza Mkuu hivyo hivyo, polepole. Mkuu akamjibu kwamba ndiyo ujanja wenyewe: jamaa kaua jioni, kisha asubuhi karudi na chai ajifanye ndiyo kwanza anaiona maiti. Alikuwa na jibu la kila kitu yule baba, na yote aliyatoa bila kuinama kutazama chochote.

Pembeni kabisa mwa karakana kulikuwa na friji moja kuukuu isiyochomekwa kwenye umeme. Mlango wake ulikuwa wazi. Friza ya juu ilikuwa tupu, na chini yake sakafuni kulikuwa na vipande vya mpira wa kijivu, ule unaozunguka mlango wa friji, vimekatwa vyembamba kama vya kufungia kitu. Chini kabisa kulikuwa na droo ya mboga. Hiyo ilikuwa imefungwa.

Koplo, mzee wa kituo aliyebakiza muda mfupi astaafu, aliivuta kwa glavu.

Ndani hamkuwa na mboga. Mlikuwa na noti zilizopangwa vizuri, kingo zimelingana. Noti ya juu ilikuwa na mpako wa damu.

“Mwizi gani huyu,” Inspekta alimuuliza, akionyesha vile vipande vya mpira chini ya friza, “anakomba friza halafu anaacha droo?”

“Labda hakuiona.”

“Kaishika, Koplo. Kaishika kwa mkono wenye damu, kisha kaifunga.”

Mpiga picha akaitwa. Droo ikawa kielelezo, vipande vya mpira vikawa kielelezo, na Inspekta akalazimisha chupa ya chai nayo iwe kielelezo. Mkuu alicheka mbele ya askari wote.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alitoa majibu Jumatatu asubuhi. Pigo lilikuwa moja, la Jumamosi jioni, kabla giza halijakolea. Kisha akaongeza jambo ambalo Inspekta alimwomba alirudie, kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kulisikia.

“Hakufa palepale,” alisema daktari. “Alikaa anahema. Nusu saa, pengine zaidi. Angewahishwa hospitali, angekuwa na nafasi nzuri tu.”

Mtaalamu wa alama za vidole hakuwa na cha kufurahisha. Kompresa ilikuwa imefutwa kwa kitambaa. Damu ya kwenye noti ilikuwa ya Fundi, lakini ni mpako mtupu, hauna mistari ya kidole ya kumfunga mtu wala kumwachia.

Mkuu wa Kituo aliyasikiliza hayo akiwa anatafuta kalamu yake. Akasema jalada liende kwa mwendesha mashtaka Jumatano. Kuhusu droo alikuwa na maelezo, na hapa tuseme ukweli, hayakuwa ya kipuuzi: shemeji kachukua hela ya karata, lakini nyingine kamwachia dada yake. Damu ni damu yao.

“Na kama si yeye?” aliuliza Inspekta.

“Mama, ni mcheza kamari. Watu wa namna hiyo wanaishia hivyo hivyo. Unataka tumtafutie malaika aliyemuua?”

Inspekta alitoka bila kufunga mlango. Koplo aliyemfuata aliona masikio yake yamebadilika rangi. Eti watu wa namna hiyo. Mtu anaachwa sakafuni anahema nusu saa, halafu wakubwa wanapima kwanza kama alistahili.

Mke wa Fundi alikuwa na saluni ya chumba kimoja, viti viwili na kioo kimoja. Siku hiyo hakuwa anasuka mtu. Alikuwa kakaa kwenye kiti cha wateja, kajitazama kwenye kioo, na jirani mmoja alikuwa anamfagilia nywele za Jumamosi ambazo hakuna aliyekumbuka kuziondoa.

Aliwaeleza habari ya friji bila kuficha. Mumewe alicheza poka miaka na miaka, na hakuwahi kurudi nyumbani bila hela ya chakula. Friza ni mtaji, droo ni nyumba: ndivyo alivyomwambia wiki waliyooana. Hata watoto wakiwa na homa yeye hakufungua friza, na mumewe hata alipopigwa mezani mwezi mzima hakufungua droo. Ndugu za mumewe walimcheka. Ndugu zake hawakujua.

“Jumamosi droo ilikuwa na kiasi gani?” aliuliza Inspekta.

“Haikuwa na kitu.”

“Una hakika?”

“Niliikomba mimi mwenyewe mchana, nikalipe kodi. Niliigeuza mpaka sarafu zikadondoka. Yeye alikuwa anajiandaa kwenda klabu, akanicheka.”

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alisogeza kiti akakaa.

“Mdogo wako aliijua hiyo droo?”

“Angeijua angenyamaza na maneno yake? Yeye alijua karata zinatula sisi. Nilimtuma chai Jumapili ili wapatane, kwa sababu mume wangu hakurudi kulala, na kazi zikizidi alikuwa analala kulekule.” Akamgeukia Inspekta badala ya kioo. “Mume wangu sijamzika hata. Mkinifungia na mdogo wangu mmenimaliza, afande. Sina mwingine.”

Nje, Koplo alisimama kando ya gari bila kulifungua.

“Kwa hiyo muuaji hakuacha hela,” alisema. “Kaleta hela.”

“Kaua, kakomba friza, halafu kamwekea mjane hela kwenye droo,” alisema Inspekta. “Na bado sisi tuna mtu ndani kwa sababu alibeba chai.”

Mahabusu, shemeji alikuwa kajikunyata, rangi nyeupe ya ukutani bado iko kwenye kucha zake. Shavu moja lilikuwa limevimba. Inspekta aliuliza nani kampiga, na hakuna askari aliyekuwa na habari. Hilo aliliandika mbele yao, kwa herufi kubwa, na kila aliyekuwa zamu akatajwa.

Kuhusu droo, shemeji alimtazama kama anayefanyiwa mzaha.

“Hela ya nyumba? Kwenye friji?” alisema. “Na mimi nimemtukana barabarani kwamba analisha watoto karata.” Kisha akaanza kulia.

Klabu ya karata ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro, ina leseni ukutani na meza nne zilizofunikwa kitambaa cha kijani. Mwenye klabu alikuwa mama mnene wa miwani ya kusomea. Alikuwa anafuta vumbi kwenye zile sarafu za plastiki wanazochezea, na alikuwa na hasira zake mwenyewe. Askari wa Mkuu walishapita kwake, wakamuuliza kama Fundi alikuwa analewa. Fundi, ambaye pale alikunywa maji tu, na akidai chenji.

Inspekta alimwomba amfundishe kuanzia mwanzo, naye akafundisha.

“Hela ya kukalia meza mara moja tunaiita kiti. Meza yangu ndogo, kiti ni hela ya sokoni. Meza kubwa ya kule hotelini, kiti kimoja ni kodi ya nyumba. Sasa karata zina siku mbaya. Uwe bingwa namna gani, utakaa wiki mbili unapigwa tu. Kwa hiyo hupandi meza mpaka uwe na viti thelathini vya meza hiyo. Mtaji ukipungua, unashuka meza, unameza aibu yako. Wanaoshindwa kumeza aibu ndio mnaowasikia wameuza nyumba.”

“Na Fundi aliifuata sheria hiyo?”

“Fundi ndiye aliyeitunga hapa. Yeye na mwenzake, Taratibu.”

Taratibu alikuwa muuza miwani wa barabara kuu. Jina alipewa mezani kwa sababu alikuwa anatupa karata mbovu mkono baada ya mkono bila kukunja uso. Mtaji ulikuwa wa wote wawili, nusu kwa nusu, na Fundi ndiye aliyeutunza. Wakishinda, kabla ya yote kila mmoja anatenga sehemu moja ya kumi, wenyewe waliita kumi tu, kwa ajili ya nyumbani kwake. Hiyo ikishaenda nyumbani haiguswi, hata dunia ipinduke. Inayobaki ndiyo inaingia mtajini. Hawakugawana pale klabu. Walikwenda karakanani, wakafunga mlango.

“Na Jumamosi?”

Jumamosi walishinda kuliko siku zote. Mama wa Klabu aliwalipa kwa mkono wake, na kiasi alikikumbuka bila kutafuta popote. Koplo alikigawa kwa kumi kwenye kiganja chake. Akamwonyesha Inspekta. Ilikuwa ile ile ya kwenye droo, mpaka noti ya mwisho.

“Waliondoka pamoja?”

“Pamoja, na wanabishana. Taratibu anasema thelathini imetimia, wapande hotelini. Fundi anasema bado, ushindi wa leo ni wa bahati, wasubiri arobaini.” Mama wa Klabu aliirudisha sarafu aliyokuwa anaifuta, akaichukua tena. “Mwanzoni alimwambia ishirini. Halafu thelathini. Tangu Jumamosi Taratibu sijamwona. Nasikia jana alikuwa hotelini.”

Hotelini, keshia wa meza kubwa hakuhitaji kuonyeshwa picha mara mbili. Mteja wa Jumapili alikuja mchana na begi la miwani lenye hela. Alinunua kiti kimoja akapigwa. Akanunua cha pili. Mpaka watu wa zamu wanabadilishana, alikuwa anakuja dirishani anakimbia. Hakubakiwa na nauli. Kamera ilikuwa imemchukua yote. Keshia alimkumbuka zaidi kwa sababu ya vifungio: mabunda yote yalikuwa yamefungwa kwa mipira ya ajabu ya kijivu. Mpira mmoja aliupenda, akafungia funguo zake. Alizitoa mfukoni akaziweka kaunta.

Inspekta aliulinganisha ule mpira na picha ya vipande vya karakanani. Kisha akamwomba keshia, kwa adabu sana, amtafutie kitu kingine cha kufungia funguo.

Taratibu aliletwa Jumanne. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, na aliuliza kama atachelewa kufungua duka. Inspekta alimweleza haki zake, akakaa. Koplo alikaa kando ya mlango.

“Jumamosi jioni ulikuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Hukupita karakanani?”

“Fundi alikwenda peke yake.”

“Na ushindi?”

“Tungegawa Jumapili.”

“Jumapili ulikuwa hotelini.”

“Nilikuwa na akiba yangu.”

Inspekta aliweka ule mpira wa kijivu mezani. Taratibu aliutazama, akakunja mikono.

“Fundi alishanipa nusu yangu,” alisema. “Wiki iliyopita.”

“Nusu ni viti vingapi?”

“Kumi na tano. Karibu.”

“Kwa viti kumi na tano unapanda meza kubwa?”

“Wapo wanaopanda.”

“Wewe?”

Walizunguka hapo sana. Kila alipobanwa alirudi kwenye nusu yake, na nusu yake ilikuwa haki yake, na hakuna aliyemwona karakanani. Alijibu kwa uso uleule mkavu uliompa jina. Inspekta alijua kwamba kesho yake jalada linaondoka, na mpira wa friji peke yake hautamtoa yule mpaka rangi mahabusu.

Basi akafunga jalada. Akamgeukia Koplo, akaongea kwa sauti ya mtu aliyechoka.

“Mkuu alisema kweli. Ni shemeji tu. Kesho ashtakiwe.” Akaanza kukusanya karatasi. “Na mwizi mwenyewe wa ovyo. Kakomba friza, kakomba na droo. Mpaka hela ya nyumba. Mama wa watu hana hata ya unga.”

Koplo alitikisa kichwa, akasema watu wengine hawana hata chembe ya haya.

“Droo haikuguswa,” alisema Taratibu.

Inspekta hakuinua macho. “Ilikuwa tupu, bwana. Nimeiona mimi.”

“Haiwezekani.”

“Kwa nini haiwezekani? Mwizi ni mwizi.”

“Mimi si mwizi.” Uso ule mkavu ulikuwa umeondoka. Alikuwa ameudhika, ameudhika kwelikweli, kama mtu aliyetukaniwa mama. “Hela ya nyumba haiguswi. Sisi hatuigusi. Ilikuwemo. Niliiweka mimi, kumi yote, na nikaifunga droo. Kama haipo, basi askari wako ndio walioiba.”

Kalamu ya Koplo ilikuwa ikisikika peke yake. Ikasimama.

“Imo,” alisema Inspekta. “Haijapungua hata noti moja. Sasa nieleze uliiweka lini.”

Ikabidi aeleze. Maelezo yake yaliandikwa kurasa kadhaa, lakini kiini chake kilikuwa kidogo, na ndicho kilichomkasirisha Inspekta zaidi. Walifika karakanani, wakaufungua mtaji, wakaupanga mabunda. Ukiongeza ushindi wa Jumamosi, ilitimia thelathini ya meza kubwa. Taratibu alikuwa ameingoja thelathini hiyo miaka yote, akiuza miwani mchana na kutupa karata jioni. Fundi akasema bado. Akasema wiki ijayo watacheza meza ndogo, na wakifika arobaini ndiyo watazungumza.

“Alikuwa anahamisha mstari,” alisema Taratibu. “Kila nikiufikia, anausogeza.”

“Ungemwambia akupe nusu yako, uende zako.”

“Nusu ni kumi na tano. Kwa kumi na tano hupandi. Ni sheria.”

“Kwa hiyo ukamuua, utimize sheria.”

“Sikupanga. Aliinama kuchukua bisibisi. Ananipa kisogo, anaongea tu, bado, bado, kama anaongea na mtoto. Kompresa ilikuwa mezani.”

Inspekta alimwuliza kilichofuata. Taratibu alisema alitoa mabunda yote, mengine akayafunga upya kwa sababu mipira ilikuwa imekatika. Kisha akakumbuka kwamba ushindi wa siku hiyo haujatengwa. Akakaa kwenye kibao, akautenga. Kumi ya Fundi akaiweka kwenye droo. Kumi ya kwake akaiweka mfukoni, mbali na mtaji, isije ikachanganyika. Ilimchukua muda kidogo, kwani alipoteza hesabu, ikabidi aanze upya.

“Ukaanza upya,” alisema Inspekta.

“Ndiyo.”

“Na yeye?”

Taratibu alitazama meza.

“Nimekuuliza, na yeye alikuwa anafanya nini wakati unaanza upya?”

“Alikuwa anahema.”

“Ulimsikia?”

“Alikuwa anakoroma. Niligeuka upande wa pili.”

“Simu yako ilikuwa wapi?”

“Mfukoni.”

“Mfuko gani?”

“Wa shati.”

“Na kumi yako uliiweka mfuko gani?”

Mkono wa Taratibu, bila yeye kuuamuru, ulikuwa umepanda mpaka kifuani, ukagusa mfuko wa shati. Ukabaki pale.

Inspekta alisimama. Watu wa kituo kile hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza, lakini Koplo alisema baadaye kwamba angeona heri angepiga kelele.

“Mkono wako uliigusa simu,” alisema. “Uliigusa, ukaweka hela, ukautoa. Hela ya nyumba uliihurumia isichanganyike, na mtu uliyekula naye unamsikia anakata roho, unampa mgongo. Halafu unakaa hapa unaniambia wewe si mwizi. Angalau mwizi angekuwa na haraka.”

“Hela ya nyumba sikuigusa,” alisema Taratibu kwa sauti ndogo.

“Na thelathini yako iko wapi?”

Machozi yalimtoka hapo tu. Si kwenye kompresa, si kwenye kukoroma. Alisema alipoteza kiti cha kwanza kwa karata nzuri, na cha pili, na alipofika cha kumi alijua anatakiwa asimame, ashuke meza. Fundi angemwambia asimame. Lakini Fundi hakuwepo wa kumwambia.

Alitia sahihi kila ukurasa. Inspekta alitoka akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Mkuu wa Kituo aliyasoma maelezo akiwa amesimama, akasema vizuri, kituo kimefanya kazi nzuri, na waandishi wa habari waitwe. Inspekta akamwekea juu ya maelezo karatasi nyingine, ile ya shavu la shemeji yenye majina ya waliokuwa zamu, na nakala yake alishaipeleka makao makuu. Mkuu akaisoma hiyo nayo. Safari hii alikaa chini.

Shemeji aliachiwa jioni ileile. Dada yake alikuwa anamngoja langoni, kavaa nguo aliyokuwa nayo saluni, na hawakukumbatiana mara moja. Alimshika kwanza lile shavu, akaligeuzia kwenye mwanga, akalitazama. Kisha ndiyo akamvuta.

Inspekta aliwarudishia chupa ya chai mwenyewe, kwa kuwa kesi haikuihitaji tena. Alimweleza mjane yote, kwa sababu aliona ni heri ayasikie kwake kuliko mahakamani. Kuhusu kuhema alijaribu kupita haraka. Mjane akamshika mkono.

“Alikaa hivyo muda gani?”

Inspekta alimwambia.

“Na mwenzake yupo.”

“Alikuwepo.”

“Anafanya nini?”

“Anatenga kumi yenu.”

Mke wa Fundi alifungua ile chupa. Chai ilikuwa imechacha, na harufu yake ikafika mpaka kwa askari wa lindo. Aliimwaga yote pale langoni, polepole, mpaka tone la mwisho, akafunga kifuniko na kukikaza. Inspekta alimweleza kwamba zile hela za droo ni kielelezo, lakini kesi ikiisha ni haki yake, atarudishiwa zote.

“Msinirudishie,” alisema mjane. “Mkimaliza nazo mpeni yeye. Anunue kiti.”

Alimshika mdogo wake mkono, wakavuka barabara.